Hodi ya Kuzima

Umeme wa Temeke ulikatika saa nane na robo,
na jenereta, kama kawaida yake, ikataka kubembelezwa kwanza.
Mashine ya maabara ilikufa ikiwa na neno mdomoni:
Shani Mbonde, miaka sita, kipimo:
na baada ya nukta mbili, hakuna kitu.

Tulimwita tena. Akaletwa na shangazi yake,
akanyoosha kidole kilekile chenye tundu la jana,
akaniuliza mimi, si mwenye sindano,
"Ile nyingine mmeipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kibodi.

Nikaanza kwa kumwaza namba moja,
aamkaye kabla ya wote, alalaye baada ya wote.
Hana kazi ya kujivunia. Hahesabu chembe za damu,
hachapi risiti. Yeye huita tu:
diski, jitokeze; mtandao, simama;
kanzidata, ngoja diski ipate pumzi;
printa, wewe wa mwisho, acha kelele.
Mzazi akifa, watoto huhamia kwake bila kikao cha ukoo.
Na wale waliokwisha kufa, majina yao yangali daftarini,
hawali, hawatendi, wameshika nafasi tu,
yeye ndiye huwafuta.

Kidawa Pazi, wa meza ya pili, alitaka wote waamke pamoja.
"Sekunde kumi na mbili badala ya arobaini na saba.
Kwani hii ni foleni ya mkate?"
Tukajaribu. Programu ya vipimo ikaamka kabla ya diski,
ikakuta ukuta pasipo kabati, ikapanga majibu hewani.
Basi tukapatana: asiyemtegemea mtu aamke atakapo,
anayetegemea, angoje aitwe.
Tukachora mishale nyuma ya bahasha ya eksirei,
nani amngoje nani,
hadi tukawakuta wawili wanaongojana wao kwa wao,
kama wageni wenye adabu mno:
tangulia wewe, hapana, tangulia wewe,
wangezeekea pale kizingitini.

Lakini kuwasha ni sherehe, wasaidizi hawakosi.
Kuzima ndiko kulikoninyima usingizi.

Betri iliyo chini ya meza ina dakika kumi na moja.
Chande wa jenereta anasema tisa, kwa joto hili.
Ndani ya tisa hizo nawapigia hodi kinyumenyume,
printa kwanza, diski mwisho.
Kwetu hodi ni tatu; usipojibiwa, unageuka, unakwenda zako.
Hapa nimevunja desturi.
Ya kwanza: maliza unachoandika.
Ya pili: sekunde thelathini.
Ya tatu haisemwi. Ya tatu ni mkono.

Niliiandika hiyo ya tatu usiku,
feni imesimama, shati limeninata mgongoni,
na kwa aibu nikaweka juu ya faili,
nyuma ya alama ambayo mashine huiruka bila kusoma:

    Nakuzima kwa salamu, sikuzimi kwa hasira,
    Kila deni la kalamu, lilipe pasi papara,
    Ukichelewa fahamu, betri haina subira,
    Kesho tutaanza zamu, kila mtu na ishara.

Kidawa aliusoma, akacheka. Hakuufuta.

Alhamisi ukakatika tena, saa moja jioni.
Printa iliitika upesi, haina siri.
Mtandao ukaaga.
Kanzidata ikanyamaza.
Sekunde kumi. Ishirini. Nikashika ukingo wa meza.
Ishirini na sita, Kidawa ameacha kutafuna.
Ishirini na saba, kikaandikwa kitu,
taa ndogo ya diski ikapepesa mara mbili, ikafumba.

Tukakaa gizani bila kujua ni kitu gani.
Nje, Chande alikuwa akiitukana jenereta kwa upole.

Saa nne umeme ukarudi. Namba moja akaamka,
akaita majina yake.
Nikafungua mstari wa mwisho:
Mwanahamisi Chaurembo, miaka minne, kipimo: 11.4